Harusi Iliyofifia kwenye Kioo Kikubwa

Mjukuu wangu Zeno,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Milanzi tu wazima, babu yako bado anabishana na redio.

Unauliza kwa nini video unayohariri inafifia ukiitanua ijae kioo kizima. Ujanani, nikiwa studio mjini, nilihariri harusi ya dada yangu kwenye kioo kidogo, ikang'aa. Mama, ambaye mguu ulimzuia kwenda kijiji cha Kate harusini, tukamwashia kwenye televisheni kubwa ya kuazima. Nukta za picha zilikuwa zilezile, zimetanuliwa tu. Bibi harusi akawa ukungu.

Mama akajikongoja hadi mlangoni, akageuka kuitazama televisheni kwa mbali. "Sasa namwona mwanangu."

Wewe ihariri kwa ukubwa wake halisi. Ukimaliza, itanue ijae kioo kizima, kisha ukasimame atakapokaa mtazamaji. Mimi nilimfuata mama mlangoni, tukalia wote.

Bibi yako Tekla