Sumaku Haishiki Mlango wa Kushoto

Mshauri wetu Bi Blandina,

Pokea salamu kutoka Same, ambako vumbi ni lile lile na upepo ni ule ule, mimi tu ndiye niliyechoka. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Majina humu nimeyabadilisha yote, ila mlango ni huo huo.

Niite Fanueli. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina miaka sitini na mbili. Baba yetu alipofariki aliacha Pijo nyeupe, 504, ambayo aliipenda kiasi kwamba sisi watoto tulikuwa tunakung'uta viatu kabla ya kuingia, na kwa usia wake gari likawa la dada yetu mkubwa, Dorkas, anayeishi nyumbani Shighatini, lakini kwa kuwa dada haendeshi, na barabara ya kule mlimani wakati wa mvua si ya gari la umri ule, akanikabidhi mimi nilitunze huku Same, akasema mbele ya ndugu wote, "Fanueli, hili si gari, huyu ni baba. Mtunze."

Sasa miaka mitatu iliyopita nilikuwa natoka Ndungu na magunia mawili ya mchele wa shemeji, nikafika karibu na Kisiwani, ng'ombe wakakatiza, nikawakwepa, gari likaenda kujibamiza ubavu kwenye ukingo wa korongo na mlango wa mbele wa kushoto ukabonyea wote. Hakuna aliyeumia, hata ng'ombe. Nilichotakiwa kufanya ni kupiga simu moja tu, dada shikamoo, nimegonga, basi, lakini sikupiga, nikalipeleka kwa fundi mmoja Hedaru ambako hakuna anayenijua, akanyoosha alipoweza, pasiponyooka akajaza puti, ule ujiuji wa mafundi unaokauka ukawa mgumu, akapuliza rangi juu yake, gari likarudi zuri, nikasema yamekwisha.

Hayakwisha. Tangu siku hiyo naegesha gari ubavu wa kushoto ukiwa umeelekea ukutani, kanisani nawahi kabla ya kengele nipate nafasi ya ukutani, simruhusu mtu kuliosha, na mke wangu Esta anasema nalipenda gari kuliko yeye, namwacha aamini hivyo kwa sababu ni nafuu. Dada aliposhuka siku moja kwenda hospitali aliona rangi ya mlango ule haifanani sana na ya gari zima, akauliza, nikajibu labda mdogo wetu Anderson aliliosha kwa sabuni kali, yakaishia hapo, Anderson naye, kwa agizo la dada, tangu hapo hapewi ufunguo, hata kwenye harusi ya mwanawe alikodi gari la watu, ila ana roho nyepesi, hajalalamika. Basi nikawa naendelea na maisha, lakini mwili unachoka, Bi Blandina, kulinda mlango ni kazi.

Sasa zimekuja hizi mbio za magari ya zamani, za hisani, za kuchangia bati za zahanati, kutoka Same kupitia Kisiwani mpaka Ndungu, na Irine, binti wa dada Dorkas, ameliandikisha gari la babu yake aliendeshe mwenyewe, amepewa namba thelathini na moja, na sharti ni namba ionekane kwenye milango yote miwili ya mbele. Irine ni mtoto mwangalifu, stika hazitaki kwa sababu zinang'oa rangi, kwa hiyo amenunua namba za sumaku, zile ambazo unaziweka tu zinajishika zenyewe na jioni unazitoa bila alama. Akanipigia kwa furaha, "Mjomba, hata kucha haitagusa rangi ya babu." Nikamwambia barabara ile ni ya vumbi na makorongo, zitaruka, tutafute njia nyingine. Akacheka, akasema, "Mjomba, nimeenda nazo Moshi na kurudi kwenye gari langu, hazikutikisika."

Sumaku haishiki puti. Nimejaribu kwa sumaku ya spika ya redio mbovu, kwenye mlango wa kulia inaurukia kabla sijaifikisha, kwenye mlango wa kushoto inateleza mpaka chini kama nimeiweka kwenye ubao.

Na kibaya zaidi, nyumbani kwetu chombo hakitoki safari kubwa mpaka mkubwa wa nyumba akiguse na kukiombea, baba alifanya hivyo hata kwa baiskeli, kwa hiyo asubuhi ya mbio, Jumamosi hiyo, dada Dorkas anashuka kutoka mlimani, mchungaji atakuwepo, ndugu wote watasimama uwanjani, na dada kwa mkono wake mwenyewe ndiye atakayeziweka namba, kwanza kulia, halafu kushoto. Ya kushoto itamwangukia miguuni.

Nikaona nitafute gundi. Nikabandika kipande cha selotepu pale chini ya mlango nione itakuwaje, kilipotoka kikaja na rangi, ukubwa wa kidole gumba, puti ikaonekana, ina rangi ya waridi. Nilichokuwa nacho mezani ni ile dawa nyeupe ya kufutia makosa ya wino, nikapaka. Sasa pana doa jeupe kuliko gari.

Kwa hiyo swali langu ni dogo. Ni gundi gani itakayoshika namba kwenye mlango wenye puti kwa nusu siku tu, itoke bila kung'oa rangi, na mtu aliyesimama karibu asijue kwamba sumaku haikushika? Usiniandikie mengi, nimechoka.

Mwalimu, Same

*

Mwalimu,

Pole. Nakupa pole ya kweli, kwa sababu miaka mitatu ya kutafuta ukuta wa kuegesha ni mingi, na mtu wa umri wako alipaswa kuwa amekaa kwake anakula makande kwa amani. Pole yangu imeishia hapo.

Tuanze na ulichouliza, usije ukasema nimekukwepa kama wale ng'ombe. Nimekwenda kwa Daudi, fundi wa rangi aliye nyuma ya ofisi yetu, nikamsomea barua yako. Alikuwa anapiga msasa bila kuinua kichwa, nilipofika kwenye dawa ya kufutia wino akauweka msasa chini akaniomba nirudie.

"Mwambie aache kusahihisha gari," akasema. "Gundi anayoitaka haipo. Ikiwa na nguvu ya kushika namba kwenye barabara ile, ina nguvu pia ya kuondoka na rangi iliyolala juu ya puti. Ikiwa haina, namba itabaki Kisiwani."

Basi hilo limekwisha. Usinunue gundi, weka selotepu kabatini, na akitokea wa kukushauri uji wa muhogo mshukuru umwache aende.

Kwa mlango wa kulia, sumaku za Irine zinafaa. Osha mlango, ukaushe kabisa, na ufute mgongo wa sumaku pia, kwa sababu vumbi la Same likibaki katikati litaisugua rangi njia nzima. Ilaze polepole ili hewa isibaki ndani. Jioni ile ile itoe kwa kuinyanyua, usiiburute. Kwa upande wa kushoto, Daudi anasema namba iende kwenye kioo cha mlango wa nyuma. Stika ya kawaida, kwa kuwa kioo hakina rangi ya kung'oka. Wakati wa kuitoa, weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika chache, ivute taratibu ukiikunja juu yake yenyewe, gundi itakayobaki ifute kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni. Wembe usiguse.

Ila masharti yanasema milango ya mbele, kwa hiyo Irine itabidi awaombe waandaaji ruhusa, nao watamuuliza sababu, naye atakuuliza wewe. Nimezungusha kila njia, Mwalimu, na kila njia inapita nyumbani kwa dada yako.

Sasa nisikilize. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umenieleza gari, umenieleza korongo, hata rangi ya puti umenitajia. Mdogo wako umempitisha haraka haraka kati ya sabuni na ufunguo, ukaendelea na safari. Anderson hakuliosha lile gari. Anderson hakufanya kitu chochote. Ulimtaja ili dada aache kuuliza, na dada akaacha kweli, kosa likahamia kwake. Mtu ameoza mwanawe kwa gari la kukodi huku Pijo ya baba yake imeegeshwa ukutani kwako. Unasema hajalalamika. Angelalamika kwa nani, kwako wewe mwenye ufunguo? Hapo nimekasirika, na sitaki kukuficha.

Dada Dorkas atakasirika pia. Pengine atalia, maana alikukabidhi baba. Lakini mlango ni bati, na mtu mzima anajua kwamba gari la zamani likiwa barabarani linaweza kugongwa. Kitakachomuuma ni hii miaka mitatu, na kwamba alimnyima mdogo wake ufunguo kwa neno lako.

Fanya hivi. Jumapili hii baada ya ibada nenda kwa Anderson, kwa miguu yako, simu iache. Mwambie, "Nilikusingizia." Tumia neno hilo hilo, usije na habari za kutoelewana. Ukishalisema, usiongeze maelezo ya ng'ombe. Kisha mwombe muende wote Shighatini, barabara ikiwa kavu muende na Pijo yenyewe, na ufunguo mpe yeye aendeshe.

Mkifika, muegeshe ubavu wa kushoto ukiwa umeelekea nyumba ya dada. Mwamkie, na kabla chai haijaletwa mweleze mbele ya Anderson. Anza na sabuni, ng'ombe wafuate. Usimpe dada ile sumaku ya spika ajigundulie mwenyewe, huko kutakuwa kujificha kwa mara nyingine. Sema kwa mdomo wako. Halafu mwambie Irine, ili awaandikie waandaaji mapema. Na Esta naye umwambie, mke wako amekuwa akiuonea wivu mlango wenye puti.

Gari lenyewe likishamaliza mbio lirudishwe kwa fundi anayejulikana na ndugu wote, aifumue ile kazi aifanye upya mchana kweupe.

Na asubuhi ya Jumamosi, dada aweke namba ya kulia na kuombea kama baba yenu alivyofanya. Ile ya kioo cha kushoto, mwombe dada ampe Anderson aibandike. Wewe kasimame upande huo huo wa kushoto, karibu na doa lako, mpaka gari liondoke. Kisha rudi nyumbani, Mwalimu, ukalale. Hutakuwa na kitu cha kulinda.

Blandina