Walilichukua Jina Tukiwa Katika Kilio

Gisenyi, Jumapili 14 Novemba 1999

Deo wangu,

Mvua ilianza tulipotoka misani na mpaka sasa haijaacha. Ziwa halionekani. Mama yako amelala, amejifunika koti lako, nami nimekaa mbele ya kompyuta yako. Shemeji Vianney, ndugu yako aliye Brussels, amenipatia nafasi ya bure kwenye intaneti: mimi naandika, namtumia, yeye anaiweka mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuisoma. Nilimwambia nitakuandikia wewe. Akasema sawa.

Jana tulimaliza kilio chako, baada ya miezi ya maombolezo.

Nilinyolewa nywele. Nilivaa kile kitenge cha rangi ya machungwa ulichoninunulia Goma, ambacho ulisema kinanifanya nionekane kama ninakwenda kugombana na mtu. Tangu gari la chanjo lilipopinduka na wewe katika barabara ya Mudende, mama yako alikuwa amekifunga chumba hiki akitembea na ufunguo kifuani. Hakuna kugusa vitu vya marehemu mpaka kilio kiishe. Ndivyo tunavyofanya, na mimi sikubisha. Miwani yako, viatu vyako, kompyuta yako, vyote vilikaa gizani vikiomboleza pamoja nasi.

Jana mchana, watu wakiwa bado wanakunywa uani, mama aliufungua mlango mwenyewe. Akaniambia anataka kumwona mtoto wake kwenye ile Afya Ziwa yake.

Kwa wasiokujua, niseme kidogo. Ulikuwa muuguzi katika zahanati ya Mbugangari. Yale uliyowaambia kina mama kila asubuhi uliyaandika kwa Kiswahili, ili yasomeke huku na ng'ambo ya mpaka, Goma: namna ya kuchemsha maji, namna ya kumchanganyia sukari na chumvi mtoto anayeharisha, wakati gani uache vyote ukimbilie hospitali. Ndugu yako Vianney alikuandikishia jina kwenye intaneti, Afya Ziwa, akaweka maneno yako huko. Wauguzi wa Goma waliyachapa wakayabandika ukutani. Juu kabisa ilikuwa picha yako, umebeba jerikani, unacheka. Mama Zawadi, jirani yetu anayevusha nyanya kila siku, alikuwa akikuita "docteur wa maji", nawe ulipenda ingawa ulijifanya kukasirika.

Basi niliwasha. Simu ya kuunganisha intaneti ikalia ile milio yake, mama akashika mkono wangu. Picha ikaanza kushuka polepole kutoka juu, kama kawaida.

Akatokea mwanamke wa Kizungu mwenye meno mengi. Chini yake chupa za vidonge vya kupunguza unene.

Mama yako aliangalia muda mrefu. Halafu akauliza, "Huyu muzungu ni nani? Na Deo iko wapi?"

Nilimpigia Vianney.

Leo Vianney amepiga simu, amekwisha kuuliza kila mahali. Kumbe kwa miezi hii yote kulikuwa na ugomvi juu ya jina letu. Chama kimoja cha madaktari huko Ulaya kilisema majina yenye neno la afya wapewe watu wanaotibu tu, kwa sababu mgonjwa akisoma hapo anaamini. Mfanyabiashara mmoja wa vidonge akasema jina ni kama kiwanja, anayewahi ndiye mwenyewe. Ofisi inayotunza majina ikakuandikia wewe, maana liliandikishwa kwako. Ikauliza kama bado unalitaka. Ikauliza tena.

Barua hizo zilikuja humu ndani, kwenye mashine iliyofungiwa.

Huku kwetu nyumba iliyonyamaza ni nyumba yenye msiba. Mtu anapita mbele yake akishusha sauti. Kule waliona hakuna mtu. Wakampa mwenye vidonge. Madaktari bado wanapinga, Vianney anasema wana wakili. Lakini hata wakishinda, jina litakuwa lao, na pengine watalitumia kwa Kifaransa. Pande zote mbili zinavutana, na hakuna hata mmoja aliyekutaja wewe.

Nimefikiri sana tangu asubuhi. Madaktari wale wana haki. Unamkumbuka yule mtu wa sokoni aliyekuwa na kibao cha msalaba mwekundu na kuuza vidonge kwa kumimina kiganjani? Ulirudi nyumbani umekosa hamu ya kula, ukasema neno "dawa" lisiruhusiwe kuandikwa na kila mwenye rangi na brashi. Kama wangekuja kuniuliza mimi, ningewapa jina lile kwa mikono miwili.

Ningewapa. Ndilo linaloniuma: hakuna aliyekuja kuniuliza.

Jioni Mama Zawadi alikuja kurudisha sufuria za jana. Alinikuta nalia, nikamweleza yote. Akaketi, akaweka mkono kiunoni hata akiwa amekaa, unajua anavyofanya.

"Bon, wachukue hiyo jina yao," akasema. "Kwani maji inachemukaka na jina? Mi nachemushaka na makaa."

Nilicheka, Deo. Nilicheka na machozi puani, mpaka mama yako akaamka kuuliza kuna nini.

Halafu tulifanya kazi. Humu kwenye mashine sikuyakuta, wala Vianney hakuwa ameweka nakala, lakini Mama Zawadi anayajua maneno yako kwa kichwa, maana alikuwa akiyasoma ukutani Goma akingoja mzigo upimwe, kabla karatasi hazijabanduka. Alikuwa anayasema, mimi naandika. Mama yako anasahihisha: "Hapana, hakusemaka hivi. Alisemaka, hata maji ikionekana safi." Tulifika kwenye sukari na chumvi kabla mvua haijazidi. Yaliyobaki kesho.

Nitayaweka hapa, kwenye nafasi hii ya bure isiyo na jina la afya wala la ziwa. Sitapigania lile jingine. Anayelitaka aendelee kulitafutia wakili.

Picha yako sina. Ile ya jerikani ilikuwa kule tu.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaosoma: alikuwa mrefu kidogo, na pengo upande wa kushoto lililoonekana alipocheka. Aliitwa Deo. Mumkumbuke.