Jaha ya Kuposa Gari la Baba

Jabal al-Jofeh,
Amman.
9 Novemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Nayef,

Assalamu alaikum. U hali gani huko São Paulo? Beatriz hajambo? Na pacha je, homa ya yule mdogo imekwisha au bado anawakesheza? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mvua ya kwanza imenyesha juzi, ngazi za mtaa zimeoshwa vumbi lote la kiangazi. Zeituni za Ami Fawaz zimekamuliwa, na mafuta ya mwaka huu ni makali kooni kama unavyoyapenda. Debe lako tumelitenga. Magoti ya Mama ni yaleyale.

Salamu zimekwisha, sasa nikwambie wazi kwamba moyo wangu unatokota. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe una bahati ya ajabu: nikianza kusema la maana, mtandao wako hukatika. Karatasi haikatiki. Barua hii anakuja nayo Rula, binti wa jirani yetu aliyeolewa huko, na nimemwapisha akukabidhi mkononi.

Ni habari ya gari la Baba.

Tangu kiangazi, Mjerumani wetu, kama Baba alivyoliita gari lile kuukuu, alianza ugonjwa. Asubuhi moja unazungusha ufunguo anawaka vizuri, asubuhi ya pili stata inasaga, mlio wa chuma kula chuma, mpaka Baba Thamer wa ghorofa ya chini anafungua dirisha na kuuliza kama tunanoa visu vya mtaa mzima. Shemeji yetu Wasfi, mume wa Sawsan, akajitolea kutengeneza. Nani alimwomba? Hakuna. Akafungua stata ya Baba, akafunga nyingine. Baada ya siku chache kusaga kukarudi. Akafunga nyingine tena, hii akaapa ni mpya ya dukani, nayo ikasaga. Ndipo akasimama katikati ya sebule, mikono imejaa grisi, akatutangazia msiba.

"Gari limekufa, Dada Rihab. Injini imekwisha. Tumshukuru Mungu kwa miaka aliyotupa nalo."

Gari, Nayef. Alilisomea gari taazia.

Mimi sikusomea ufundi, lakini nilikaa kiti cha mbele cha gari lile tangu miguu yangu haifiki chini. Unakumbuka Baba alivyoegesha? Kila mara kichwa kikitazama bondeni. Watu wa milima hii wote ndivyo tulivyo: asubuhi unaachia breki, gari linateremka lenyewe, unatia gia ya pili, unaachia klachi, linawaka, na stata hujaigusa. Tuliona ni ujanja wa kutunza betri. Kumbe ugonjwa ulikuwa wa siku nyingi na mteremko wetu ulikuwa ukiuficha. Mwaka huu mtaa umechimbwa kwa ajili ya mabomba, tukalazimika kuegesha nyuma ya msikiti, pale palipo tambarare, na stata ikaanza kutumika kila siku. Hapo ndipo aibu ilipotoka hadharani.

Nikakumbuka kitu kimoja. Zile safari chache stata iliposaga mahali tambarare, Baba alikuwa anatia gia ya nne, anashuka, analisukuma kidogo tu kwa bega, anarudi ndani, anazungusha ufunguo, na gari linawaka kimya kimya. Nikajaribu mwenyewe, mwanamke mtu mzima, baibui limejaa vumbi, wanaume wanatoka kuswali wananitazama. Likawaka. Nikamfuata Wasfi nikamwambia kwamba injini iliyokufa haifufuki kwa kusukumwa bega.

"Dada," akanijibu, "wewe kazi yako kupika maqluba. Hii niachie mimi."

Maqluba. Mimi niliyefundisha hesabu nusu ya vijana wa mlima huu, pamoja na yeye mwenyewe, na hata jedwali la saba lilimshinda.

Nikalipeleka kwenye gereji za Bayader kwa Hagop, yule Muarmeni aliyekuwa akigombana na Baba kila mwezi. Amezeeka, maringo yake hayajazeeka. Hakufungua hata boneti. Alisikiliza mlio mara moja, akavuta sigara yake.

"Nani kakufungia stata hii?"

"Shemeji yangu."

"Mwambie shemeji yako asiguse hata baiskeli."

Nitakueleza alivyonieleza, maana nataka ujue ulichokitupa. Stata ina meno madogo yanayong'ata duara kubwa la chuma lenye meno, lililo nyuma ya injini, na kulizungusha mpaka injini iamke. Injini kama yetu ukiizima husimama karibu mahali palepale kila siku. Kwa hiyo meno yanayong'atwa ni yaleyale, yanalika, na mengine yote ya duara yamebaki mazima. Ndiyo maana bega la Baba lilitosha: lilisogeza meno mazima mbele ya stata. Stata zote zilikuwa nzima. Zilikuwa zinang'ata pengo.

Akashusha giaboksi, akalitoa lile duara, akaligeuza upande wa pili ambao stata haikuwahi kuugusa, akalipasha moto mpaka likageuka rangi ya majani makavu, akalidondosha mahali pake kwa koleo. Likapoa likabana. Muda wote huo alikuwa akinitukania Wasfi, nami sikumzuia. Jumatano nikarudi nyumbani nikiendesha. Nililiegesha palepale nyuma ya msikiti na sikumwambia mtu ila Mama.

Unajua kwa nini nilihangaika hivyo? Si kwa ajili ya chuma. Mama huenda makaburini kila Ijumaa kumsalimia Baba, na kwa gari jingine hawezi. Magari ya siku hizi yako chini kama sinia, magoti yake hayakunjiki. Alipopanda la Wasfi tulimvuta watu wawili kumtoa, akalia kwa fedheha zaidi ya maumivu. Kiti cha Mjerumani kiko juu na mlango ni mpana. Anaingia mwenyewe, anatoka mwenyewe. Tangu Wasfi atangaze ule msiba wake, Mama alikuwa anasoma Fatiha dirishani, akitazama upande wa makaburi.

Sasa sikiliza ya Alhamisi.

Baada ya alasiri mlango ukagongwa. Nafungua, naona wazee wamejaa ngazini na majoho yao ya sufi, mbele Baba Thamer, nyuma kabisa Wasfi kavaa tai. Jaha, ujumbe wa wazee kama wa kuposa. Nilidhani wamekosea ghorofa, maana nyumba yetu haina mwari wa kuposwa. Wakati huohuo Sawsan, dada yako, anaingia kwa mlango wa jikoni na sinia la kunafa, vile vitamu vya jibini na shira, amejiandaa kusherehekea jambo ambalo mumewe hajaliomba bado.

Wakaketi. Ami Fawaz akakaa mahali pa Baba. Nikapeleka kahawa, na Baba Thamer akapokea kikombe akakiweka chini bila kuionja kahawa, kama ilivyo desturi. Akasifu ukoo wetu, akamrehemu Baba, kisha akasema hawatakunywa mpaka wapewe walichokijia: gari la marehemu, ili Wasfi alitunze liwe kumbukumbu. Mtaa mzima unajua hiyo kumbukumbu. Wasfi anataka kulipamba maua alikodishe kwa maharusi wa mtaa wa matajiri, Abdoun, wapige nalo picha.

Unauona ujanja huo? Mimi alikwisha kuniomba nikamkatalia, akaniomba tena nikamkatalia tena. Akatafuta njia ambayo huwezi kusema hapana bila kuaibisha ukoo mzima. Kahawa inapoa mbele ya mzee mwenye mvi, na kadiri inavyopoa ndivyo sisi wenyeji tunavyovunjiwa heshima. Watu hukusanya jaha kwa ajili ya mchumba, kwa damu iliyomwagika, kwa sulhu ya koo mbili. Yeye kakusanya wazee wa mlima kwa ajili ya gari, na wazee wenyewe, Mungu awasamehe, wamekuja.

Ami Fawaz akanifuata jikoni. Nikamshika mkono.

"Ami, usitamke neno. Gari ni zima. Limetengenezwa."

Akaniangalia kwa huruma. "Umechelewa, binti yangu. Nayef ameridhia. Wasfi alimpigia akamwambia limebaki chuma chakavu, naye akasema lichukueni."

Nilikuwa na dele la kahawa mkononi. Nikaliweka, nikakaa juu ya gunia la mchele. Sawsan akajifanya anahesabu sahani.

Hukuniuliza, Nayef. Mimi ninayeishi na gari hilo na mama yetu. Hukumuuliza Mama. Uliambiwa limekufa ukasema "lichukueni," kama mtu anayejibu habari za kiti kilichovunjika mguu. Gari ambalo Baba alipelekea abiria Damascus na kuwarudisha, majira yote, mpaka nauli zao zikakupatia tiketi ya kwenda huko unakotoa ruhusa. Nimekasirika na Wasfi, lakini Wasfi ni mkwe, hana deni la kumjua Baba. Wewe je?

Ami alikuwa anageuka kurudi sebuleni kuwaambia wanywe. Tukasikia mkongojo wa Mama kwenye ukumbi. Mama, ambaye hajawahi kukanyaga baraza la wanaume siku ya jaha, aliingia. Wote wakasimama.

"Karibuni," akasema. "Baba Thamer, mmekuja kuomba nini?"

"Gari la marehemu, Mama Nayef. Mkweo ametuambia limekwisha kufa, mnateseka nalo bure."

"Limekufa?"

"Ndivyo alivyotuambia."

"Basi mmekosea mavazi. Maiti haposwi, baba. Maiti hujiwa na sanda na jeneza. Nyinyi mmekuja na majoho na kunafa."

Mtu mmoja nyuma akaanza kukohoa, na hakikuwa kikohozi. Wasfi akasogea mbele. "Mama mkwe, ule ni usemi tu. Ninachosema, haliwaki."

"Rihab," akasema Mama, "mpe Baba Thamer ufunguo."

Jaha nzima ikateremka ngazi, majoho yameshikwa juu yasiguse matope, mpaka nyuma ya msikiti. Baba Thamer akaingia, akazungusha ufunguo. Likawaka papo hapo, bila kusaga hata kidogo. Akalizima, akawasha tena. Akalizima tena, akawasha. Akashuka akamtazama Wasfi kutoka viatu mpaka tai.

"Kijana, umenivalisha joho nije kumzika mtu anayepumua."

Wakapanda ngazi tena, maana desturi lazima ikamilike. Baba Thamer akainua kikombe chake, kahawa imepoa kabisa, akainywa mpaka machicha. "Tumekunywa," akasema, "na hatudai kitu." Wenzake wote wakanywa. Kunafa ikakatwa ikaliwa, na kipande cha kwanza, kikubwa, alikula Mama. Wasfi alisema tumbo linamsumbua.

Ami Fawaz anakusalimu, ingawa bado ana haya kunitazama. Baba Thamer anakusalimu. Sawsan nadhani anakusalimu, hatujasemeshana. Msalimie sana Beatriz, wabusu pacha kwa niaba ya shangazi yao. Mungu akulinde ugenini, akupe riziki ya halali, na akupe moyo wa kuuliza kabla ya kujibu.

Limebaki moja. Jana Ijumaa nilimpeleka Mama makaburini. Aliingia garini mwenyewe, akashuka mwenyewe, akakaa na Baba mpaka jua likaanza kuwa kali. Tukiwa njiani kurudi akaniuliza, "Wasfi si mjinga. Hakukusanya wazee bila kupewa moyo na mmoja wa wanangu. Ni nani?"

Nilitazama barabara, nikasema sijui.

"Sawsan basi," akasema. "Nayef hawezi. Nayef angeniuliza kwanza."

Dada yako akupendaye, hata leo,
Rihab