Kebo Aliyoweka Babu Yako

Mjukuu wangu Naserian,

Habari za Mombasa? Huku Kisaju tuko salama, na mamako amepona kikohozi.

Umeniuliza mbona sikuwahi kuendesha gari. Nilitaka sana, lakini mguu wangu wa kulia ulikuwa dhaifu, na gari letu kuukuu lilikuwa na pedali ya mafuta ngumu, iliyounganishwa na injini kwa vyuma. Nilijaribu mara moja, nikashindwa.

Mamako akiwa sekondari, babu yako alianza kushinda kwa fundi wa magari huko Kitengela kila Jumamosi. Siku moja akarudi akiniita, "Mama Nashipae, nimetoa vile vyuma nikaweka kebo, pedali sasa ni laini. Njoo ukanyage."

Nilikuwa nimekasirikia zile Jumamosi. Nikamjibu, "Kanyaga wewe. Si gari ndilo bibi yako?"

Alizima injini, na hakuniita tena. Baadaye akamuuzia mtu wa Loitokitok lile gari.

Tulipomzika babu yako, yule fundi alinijia. "Mama, ile kebo ilikusaidia? Mzee alikuwa anabonyeza pedali kwa kidole kimoja. Alisema ikikataa kidole, itakuumiza mguu."

Nilimwambia ilinisaidia sana.

Ni mimi nyanya yako, ninayekuwaza.