Sakafu ya Mkulo Hadi Chumbani kwa Mama

Baba Anaeli, mume wangu,

Pokea salamu zangu, ingawa najua hakuna tarishi wa kukufikishia. Huku kwetu Marangu masika yameanza na migomba imeinama kwa maji. Leo nimepiga magoti nikaisugua sakafu yetu kuanzia sebuleni, na nilipofika mlango wa chumba chetu nikaanza kucheka peke yangu kama mwehu. Nilikumbuka ulivyopigilia pindo la kanga yangu pamoja na ubao, nami nilipoinuka nikarudi chini kwa kishindo. Ulicheka hadi ukaangusha nyundo. Mimi siku ile sikucheka, nacheka sasa.

Yote yalianzia kwa mama yako. Vita vilikuwa vimekwisha, kahawa imepata bei, tukajenga nyumba ya mawe na bati yenye vyumba vitatu vinavyofuatana: sebule, chumba chetu, na cha mwisho cha mama, dirisha lake likitazama zizi. Yeye alikuwa bado kwenye ile nyumba ya nyasi alimoletwa akiwa bibi harusi, ng'ombe upande mmoja, jiko katikati, na moshi ulikuwa unammaliza kifua. Kila alipokohoa uliacha kula. Ukamwomba ahamie kwetu, tutamwekea sakafu nzuri ya saruji.

"Saruji ni baridi ya kaburini," alisema. "Nitailalia nikifa."

Basi ukaja na wazo la mbao. Wewe, ambaye hukuwahi kujenga kitu cha mbao zaidi ya banda la kuku. Ukanunua mbao za mkulo kwa wapasuaji wa huko juu msituni, ukaazima randa kwa fundi mmoja wa Moshi mjini. Fundi alikupa onyo moja tu: mbao zikae kwanza ndani ya nyumba zizoee hewa yetu, la sivyo zitavimba. Mwezi mzima tukala tumekalia mbao, na ile harufu kali ya mkulo ikaingia kwenye nguo zetu zikanuka dawa. Kanisani watu walitukwepa wakidhani tunaumwa.

Ulitaka mistari ya mbao itoke mlango wa mbele iende moja kwa moja hadi kwa mama, bila kizingiti hata kimoja. Ulisema akikuta kizingiti atajiona amefika kwa watu. Tukavuta kamba kupitia milango yote miwili ya ndani, kumbe milango yenyewe haitazamani.

"Nani alijenga kuta hizi?" uliuliza kwa hasira.

"Wewe."

"Haya, shika kamba, Mama Anaeli."

Nilishika kamba. Nilikalia mbao zilizopinda ili zinyooke ukizipigilia, nawe ukaniambia kwamba hatimaye umejua kwa nini Mungu alikupa mke mnene. Hakuna mtu aliyewahi kunisifu hivyo. Nilikupenda sana siku zile, magoti yamechubuka, masikio yamejaa unga wa mbao, unaimba nyimbo za kanisani kwa maneno yasiyo yake.

Tulipomaliza, mama akaja kukagua. Aligonga sakafu kwa fimbo yake, ikalia.

"Chini kuna nini?"

"Hewa, mama. Ndiyo inayozuia baridi."

"Kwa hiyo mnataka nilale hewani," akasema, akarudi kwa ng'ombe wake.

Uliumia. Ulikaa mlangoni mwa chumba chake ukizungusha msumari kiganjani.

Jumapili iliyofuata tulirudi kutoka kanisani tukamkuta amepiga magoti, kanga ameifunga kiunoni, anasiriba. Alikwishapaka chumba chake chote kwa mavi mabichi ya ng'ombe na majivu, kama sakafu zote za maisha yake, na sasa alikuwa ameingia chumbani kwetu. Zile mbao ulizozipiga randa na kuzipaka nta hadi zikang'aa. Nilishika kichwa. Nilikungoja ulipuke. Wewe ulivua viatu vyako vya Jumapili, ukakunja suruali, ukapiga magoti kando yake, ukamwuliza kama samadi itatosha hadi sebuleni.

Nilikukasirikia mno. Ukanivuta pembeni na mikono yako michafu.

"Angekuwa hataki kulala humu," uliniambia, "angesiriba?"

Na kweli, kabla jua halijazama alikuja na godoro lake. Ile samadi tulikuja kuiondoa polepole, kipande leo, kipande kesho, yeye akiwa zizini. Mbao za karibu na mlango wetu zilivimba na zina nundu mpaka leo. Kikohozi chake kilipungua, nawe ukarudi kula vizuri.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike. Matanga yako yalipokwisha, kaka yako alikuja kutoka Tarakea kumchukua mama. Aliongea vizuri, sitamsingizia. Alisema si haki mjane abebeshwe mzee juu ya watoto. Mimi nikaendelea kumimina chai, kwa sababu hayo ni mambo ya ukoo wenu. Tangu ulipotutoka nilikuwa sipati usingizi, na nilipofikiria chumba kile cha mwisho kikiwa kitupu, niliona kama nakuzika tena.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Aika, mwanangu," akamshukuru. "Lakini siji."

"Kwa nini, mama? Aliyekujengea hayupo tena."

"Ndiyo maana siji. Huyu binti nimwache na nani?"

Kumbe miaka yote hiyo, Baba Anaeli, tukijisifu kwamba tunamtunza mama, hatukujua hata kidogo nani atamtunza nani. Kaka yako alipoondoka, mama aliburuta godoro lake hadi chumbani kwetu, akalitandika chini kando ya kitanda, bila kuniomba ruhusa. Analala hapo hadi leo. Anakoroma kama wewe, na mimi nimeanza kupata usingizi.

Pumzika, mpenzi. Usituhofie.

Mkeo,
Mama Anaeli