Ushuhuda wa Ugonjwa Nisiougua

Jumapili, 3 Agosti

“Dada yetu ameponywa India kwa maombi ya ushirika huu.” Ndivyo alivyoandika Mzee Shadrack kwenye kundi letu la simu leo mchana. Nilikuwa napiga pasi. Nikaizima, nikasoma tena.

Nimeipitia sentensi hiyo kama ninavyopitia insha za wanafunzi wangu. Ameponywa? Sikuwa mgonjwa kwa namna wanayoijua wao. Kwa maombi? Waliombea uvimbe ambao haukuwepo. Humo mna neno moja tu la kweli: India.

Hakuishia hapo. Anasema dawa za Wahindi zilininyonyoa nywele zikashindwa. Madaktari wakapanga kunipasua. Siku yenyewe ilipofika wakakuta uvimbe umeyeyuka. Sijui kaitoa wapi hadithi hiyo. Chini yake kuna amina zisizohesabika.

Jumapili ijayo ni ibada ya shukrani. Jina langu liko kwenye ratiba, kati ya kwaya na mahubiri. Ushuhuda, dakika kumi. Mimi, niliyetumia nusu ya maisha yangu kuwaandama watu wa shuhuda za uongo.

Mlango niliufungua mwenyewe. Januari nilimwambia Mzee Shadrack, mwenyekiti wa ushirika wetu wa Wakenya, Watanzania na Wakongo hapa Bertrams, Johannesburg, kwamba naenda India miezi mitano. Mtu wa kwetu ukimtajia India haulizi kwa nini. Anauliza kiungo gani. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. “Ni figo, Mwalimu, ama ni ile kubwa?” Nikatazama chini. Kunyamaza kulikuwa rahisi kuliko kueleza. Wakafunga siku saba kwa ajili yangu. Kisha nikarudi nimekonda, kichwa kimenyolewa. Nani angetaka cheti cha daktari?

Jumanne, 5 Agosti

Maji yamekatika tena. Nina ndoo mbili. Rundo la insha mezani, sijagusa hata moja.

Niandike ukweli angalau mahali pamoja.

Nilikwenda Varanasi, mji wa Wahindu kando ya mto Ganga, wanakopeleka maiti zao kuzichoma. Nilipanga chumba cha juu kwa mama mmoja mjane. Sikufuata miungu. Wale Wazungu wanaozurura kule na shanga shingoni, wakihubiri utulivu huku wakiwafokea wapiga makasia, nawadharau mpaka leo. Mto wenyewe ni mchafu. Sikuunywa na sikuuoga. Nilikwenda kwa sababu kwa miaka miwili nilikuwa silali wala silii, na nilikuwa nimesoma kwamba huko kifo hakifichwi.

Baba yangu alikuwa mchungaji, Kakamega. Niliandika makala dhidi ya wachungaji wanaokusanya shuhuda za uongo. Hakutajwa, lakini alijiona humo. Alikuwa na haki ya kujiona, maana ni yeye niliyekuwa nikimwandika. Hakunisemesha tena. Akafa. Mazishini yalisomwa majina ya watoto wake wote, langu likarukwa. Nilisimama nyuma ya hema pamoja na wapishi. Sikutupa hata konzi ya udongo.

Kule Varanasi maiti zilipita chini ya dirisha langu kila siku, zimebebwa mabegani kwenda motoni. Wiki ya kwanza nilifunga dirisha. Wiki ya pili nikaliacha wazi. Asubuhi moja mzee mmoja aliyekuwa akifuata jeneza la mianzi alibaki nyuma, akaegemea ukuta wetu, akaomba maji kwa ishara. Nikashuka na kikombe. Alikunywa, akanirudishia, akakimbia kuwafuata wenzake. Viatu vyake havikufanana. Basi. Nikakaa kwenye ngazi, nikamlilia baba yangu mpaka mama mwenye nyumba akatoka na ufagio kuona kuna nini.

Kesho yake alinipeleka mtoni kwa kinyozi. Kule mtoto wa kiume anayemchoma mzazi wake hunyolewa. Kinyozi akakataa, mimi ni mwanamke. Mama akamgombeza kwa Kihindi mpaka watu wakakusanyika. Akaninyoa. Usiku huo nililala saa tisa mfululizo.

Sijui niite nini. Kupona ndilo neno lenyewe, na inaniudhi kwamba wamelichafua kabla sijalitumia.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimetoka Malvern, saluni ya Mama Riziki. Ni Mkongo wa Bukavu, mshonaji wa nywele, na mtu pekee katika ushirika anayenitania.

“Mwalimu, hii nyele iko fupi sana, mi nitashonea wapi? Ku masikio?” Akacheka. “Dawa ya Bahindi iko kali, hein!”

 Kwa mara ya pili mwaka huu, sikusema kitu.

Kisha akapunguza sauti. Akashika mkono wangu, akaupeleka kwenye titi lake la kushoto. Gumu. Kama kokwa.

“Docteur anataka banipasule lundi ile ya kumi na nane. Mi siendake. Kama Mungu aliondosha yako bila kisu, yangu itamushinda?”

Mteja aliyekaa kiti cha pili akadakia: “Amen, mama. Kisu ni ya watu banakosa imani.”

Jumatatu, tarehe 18. Ameisubiri tarehe hiyo kwa miezi. Hospitali ya serikali, mgeni, karatasi zake zenyewe kila mara zinatiliwa shaka mlangoni. Akiikosa, eish, anaanza mwisho wa foleni, kama foleni bado itakuwepo.

Nikamwambia nenda, Mama Riziki. Akanipapasa kichwa kama mtoto. “Weye ndiye ulinipatia nguvu.”

Nikatoka. Nilivuka barabara taa za robot zikiwa nyekundu, dereva akanitukana, nikaona nastahili.

Mimi ni mwoga. Nimewaita watu wengi hivyo kwa maandishi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemfuata Mzee Shadrack benki anakofanya kazi, saa ya chakula. Tumekaa kwenye mkahawa wa chini. Nimemwomba alifute jina langu na aandike kwenye kundi kwamba hadithi ile si kweli.

“Mwalimu, watu wanahitaji kutiwa nguvu.”

“Kwa uongo?”

“Wewe umenyamaza tangu Januari. Sasa mwongo ni nani?”

 

Nikamweleza yote. Varanasi, kinyozi, baba. Akaisukuma sahani yake pembeni.

“Heri ingekuwa saratani.”

Alimaanisha. Nimegombana na maprofesa, wanasiasa, maaskofu. Hakuna aliyewahi kunipiga kwa maneno matatu.

Nikamwambia kuna mama katika ushirika ameacha upasuaji kwa sababu yangu. Sikumtaja jina. Akasema watamwombea na huyo. Kisha, kwa upole kabisa, kama mtu anayekukumbusha mwavuli: “Ukiyasema hayo mbele ya watu, siku ukifia hapa Joburg ni nani atakusafirisha nyumbani?”

Ndivyo ulivyo ushirika wetu. Tunaimba pamoja ili tuzikwe kwetu.

Jumamosi, 9 Agosti

Sikukuu ya wanawake ya huku Afrika Kusini. Mtaa kimya, nyama inachomwa kwa jirani.

Nimempigia Mama Riziki mara nne. Jumamosi saluni hujaa, hapokei. Au ndivyo ninavyojifariji. Ningeweza kupanda taksi nikaenda. Sikwenda.

Nimeandika kurasa tatu za kusoma kesho. Nzuri sana. Zenye hoja, kejeli, hata Ayubu yumo. Nimezichana. Zilikuwa zinanitetea mimi.

Naogopa. Si Mungu. Naogopa kukosa mtu wa kuniambia “umeamkaje” kwa lugha yangu.

Jumapili, 10 Agosti

Nimesema.

Dakika kumi sikuzipata. Nilisema sikuwa na uvimbe wowote, na hakuna daktari wa India aliyenigusa. Nilisema nywele nilinyoa kwa hiari yangu, kumlilia baba, kwenye ngazi za mto wa Wahindu, na kwamba huko roho yangu ilipona. Hapo wakazima kipaza sauti. Nikaendelea kwa sauti ya darasani: mwenye tarehe ya hospitali aende, asinitazame mimi. Mtu akapiga kelele, “Shindwa!” Kinanda kikaanza.

Mama Zawadi, Mtanzania, kiongozi wa kina mama, akanishika kiwiko kunishusha. “Inatosha, dada. Umeshajifurahisha.”

Iliniuma kwa kuwa nusu yake ni kweli. Nilikuwa nimeanza kufurahia.

Mama Riziki aliningoja getini. Nilidhani atanikumbatia. Hivyo ndivyo nilivyo mjinga.

“Ulishika hapa, Mwalimu. Kwa mukono yako. Ukanyamaza.”

“Nisamehe, Mama Riziki.”

“Juu ya nini uliniacha nifurahi siku tatu?”

Akaondoka kwa miguu kuelekea upande wa uwanja wa mpira, hakungoja mtu wa kumpa lifti. Niliita mara moja. Sikuita tena.

Jumatano, 13 Agosti

Baridi imepungua kidogo. Maji yamerudi.

Nimeondolewa kwenye kundi. Mzee Shadrack amenitumia ujumbe kwamba ananiombea. Naamini kweli ananiombea.

Jioni nilipita Malvern. Mama Riziki alikuwa anasuka. Aliniona kwenye kioo, akaendelea. Hakunifukuza. Hakuitikia salamu. Mdogo wake alinisogelea mlangoni akaninong’oneza kwamba dada yake haamini mtu tena, si daktari, si mchungaji, si mimi. Hajasema ataenda. Hajasema hataenda. Kadi ya hospitali bado imechomekwa pembeni mwa kioo, juu ya vitana.

Nikapisha mteja.

Sina haki ya kumwambia neno lingine. Kwa hiyo naandika barua hapa, kesho nitainakili kwenye karatasi safi na kuipeleka kwa mkono.

Mama Zawadi, na nyinyi kina mama wa viti vya mbele. Mnionavyo mimi, endeleeni kuniona hivyo, sitajitetea. Jumatatu tarehe 18, saa kumi na mbili asubuhi, mmoja wenu mwenye gari awe mlangoni pa Mama Riziki. Amkumbushe kuchukua kadi ya hospitali na karatasi zake. Akae naye kwenye foleni mpaka jina lake liitwe, na wakimletea ubishi wa kitambulisho, aseme yeye, maana Kiingereza cha Mama Riziki huisha akiogopa. Mshikilieni mkoba wake. Msimwambie ni nani aliyewaomba.