Shangazi Niliyemwandika Mwanamume

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo na wewe Mama, najua umesogea karibu unamsikiliza kaka Deo akisoma. Goti lako linasemaje na hiyo baridi ya Mwimbi? Na ulezi, mmevuna wote au ndege wamewashinda? Mimi huku Oslo sijambo. Bado nafua mashuka ya hospitali, theluji inaanguka tangu juzi na mikono imekakamaa, lakini leo sina nafasi ya kulalamika. Ningeweza kumwandikia Deo kwenye kompyuta, ila habari hii nilitaka uishike mkononi. Kaa vizuri, Baba. Dada yako amepatikana, na yu hai!

Deo, usiruke mstari. Rudia hapo. Yu hai.

Tangu nikiwa mdogo nakusikia ukisema, "Dada yangu hajafa." Ulinisimulia jinsi Shangazi Agatha alivyokulea mgongoni, akaolewa, akamfuata mumewe migodini Kitwe, ng'ambo ya mpaka, barua zikaja, kisha zikakatika. Baba Mkubwa na wazee wakaweka matanga bila maiti. Watu wakanyoa, wewe ukakataa. Wakakuita mbishi, wengine wakasema akili zimekuruka, na miaka yote hiyo umebaki peke yako na neno lako. Mimi mwanao iliniuma sana.

Sasa huku, kwenye maktaba ya mtaa, wageni tunafundishwa kompyuta bure kila Jumamosi. Nikajifunza kutengeneza tovuti. Neno lisikutishe, Baba. Ni kama ubao wa matangazo pale ofisi ya kata, ila huu mtu anausoma akiwa nchi yoyote ile, mradi apate kompyuta yenye intaneti. Nikaweka humo yote niliyokuwa nayakusanya: majina ya mababu, nani alimwoa nani, nani alihama Mwimbi akaelekea wapi. Juu kabisa, kwa herufi nyekundu, nikaandika: "Tunamtafuta Agatha Sikombe wa Mwimbi, Ufipa."

Kimya. Miezi tisa! Walioniandikia ni wauza dawa za kunenepesha, na Mwitaliano mmoja aliyeuliza kama sisi ni ndugu zake. Nikaanza kukata tamaa.

Ndipo Deo akatoka kwake Chanji akaenda duka la intaneti pale mjini, akachapisha karatasi zangu, akawaletea. Na Mama, ubarikiwe Mama yangu, ukamwagiza aniandikie hivi: "Restituta, huko Ulaya wanakulisha nini? Umemgeuza wifi yangu mwanamume! Tangu lini binti akaitwa Sikombe?"

Jamani! Nilicheka peke yangu chumbani, halafu nikaona aibu. Kwetu mtoto wa kiume ndiye Sikombe, wa kike ni Nakombe, ukoo ni ule ule. Lakini shuleni mwalimu alituandika wote Sikombe, wavulana kwa wasichana, nami nikazoea hivyo mpaka nikasahau. Mtu anayemtafuta Agatha Nakombe angenionaje? Siku hiyo hiyo nikasahihisha, shangazi wote na bibi wote, mmoja mmoja.

Wiki ya tatu ikaja barua pepe kutoka Kitwe. Binti anaitwa Mercy, mwalimu. Alikuwa ameandika jina la bibi yake kwenye kompyuta, kujaribu tu. Akaniambia, "Bibi ni Nakombe. Anasema alimwacha mdogo wake mwenye kovu la kuungua na uji wa ulezi kwenye paja la kushoto, na kosa lilikuwa lake yeye Bibi." Baba, kovu lako sikuliandika popote. Nilipiga kelele maktaba nzima ikageuka, mzee mmoja akaninyooshea kidole ninyamaze. Sikunyamaza! Nilikuwa nimeshinda, nawe ulikuwa umeshinda kabla yangu.

Msalimieni wifi, mke wa Deo, na watoto. Msalimieni jirani yetu Msukuma mwenye ng'ombe, aliyekuwa akituuzia maziwa. Na Baba Mkubwa mpeni shikamoo yangu ya heshima, kisha mwulizeni taratibu: marehemu akibisha hodi, mila inasemaje?

Maana anakuja. Mercy atampandisha basi mpaka Tunduma baada ya Pasaka, na wewe na Deo mtampokea hapo. Usiniambie miguu inauma.

Jumapili nilimpigia simu Shangazi mwenyewe. Sauti imezeeka, lakini Kifipa chake ni kile chenu cha zamani. Nikamwuliza, Shangazi, kwa nini uliacha kuandika? Akasema mtu wa kwetu alipita Kitwe akamwambia nyumbani wameshamlilia, wamenyoa, wamemaliza. Akaona ataandikaje barua kwa watu waliokwisha kumzika. Nikamwambia, si wote walionyoa. Akauliza nani alikataa. Nikamtaja wewe.

Akaniomba nikutaje tena, nikakutaja. Kisha akasema, "Yule wa mgongoni? Basi nina kwetu."

Ni mimi binti yako ninayekupenda,
Restituta